Mapacha Wasiokuwepo

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, siku hizi hata chai unainywa umesimama. Mimi sijambo, ila mafua ya huku hayana adabu. Baba anaendeleaje? Bado anamgombeza msoma habari kwenye redio? Mwambie namwamkia sana, na lile koti alilonilazimisha kulibeba ndilo linaloniweka hai.

Nimeshika kalamu kama watu wa zamani kwa sababu nimechoka kuongea na wewe kupitia kifua cha Baba. Kila Jumapili nikipiga naisikia pumzi yake kwanza, kisha sauti yako kwa mbali, "tunashukuru, hatujambo," utadhani tuko msibani. Simu ameifanya yake, ameilaza kifuani, ameiweka kwenye sauti ya juu, jumbe zote anasoma yeye. Basi barua zangu nitazituma dukani kwa mke wa muuza dawa, akupe mkononi. Humo tutaongea kama watu wazima.

Uliniuliza mwaka jana kazi yangu hasa ni ipi na nikakujibu ovyo. Nafanya kazi chini ya ardhi. Jengo letu lina ghorofa nyingi zenye madirisha mazuri, lakini hadubini yetu iko kwenye chumba cha chini kabisa, kisicho na dirisha, kwa sababu haitaki mtikisiko. Imening'inizwa kwa kamba za mpira ndani ya sanduku. Ikianza kazi huruhusiwi kutembea, kukohoa wala kufungua mlango. Na hii si hadubini ya kuchungulia. Haioni, inapapasa. Ina sindano ndogo ajabu, imesimama kwenye ncha ya ulimi mwembamba, na ulimi huo unapita juu ya kitu huku na huku, mstari kwa mstari, kama asiyeona anavyopapasa uso wa mwanawe. Ulimi ukiinuka, kompyuta inajua kuna kilima. Ukishuka, kuna bonde. Picha inajichora taratibu, nami nimekaa nimebana pumzi.

Ninachopapasa ni selulosi, nyuzi zinazoufanya mmea usimame. Pamba unayoishona wewe ni selulosi, na hata karatasi hii. Kuna protini zinazoing'ang'ania, na tukijua zinashikaje, huenda siku moja mabua yanayochomwa mashambani yakageuzwa mafuta ya kuendeshea magari. Profesa wangu alipata jina kwa kuonyesha kwamba protini yetu huishika selulosi mbili mbili. Sisi tunawaita mapacha. Nimebakiza picha chache tu za mapacha, nitetee kazi mbele ya jopo, nipewe shahada yangu ya udaktari, nirudi. Juni niko nyumbani. Nitamuuguza Baba mimi, nawe upumzike kama tulivyokubaliana.

Mdogo wako,
Kitinda


3 Machi

Kitinda,

Marahaba, na mafua yako yakome, maana ukiumwa huko mimi ndiye nitakayeulizwa. Mke wa muuza dawa alinipa barua yako ndani ya mfuko wa pamba, akanikonyeza kana kwamba imetoka kwa hawara. Nimeisoma bafuni. Ndipo mahali pekee ambapo Baba hunivumilia kidogo kabla hajaniita.

Baba mkono wa kushoto bado umelala tangu kile kiharusi, lakini mdomo uko macho. Msaidizi wa tatu ameondoka. Huyu alikuwa mpole, mikono laini, Baba akamtemea dawa. Anasema hataki kuvuliwa nguo na mtu baki, na mtu baki kwake ni yeyote ambaye hakutoka tumboni mwa marehemu mama. Tuliotoka humo ni wawili. Mmoja yuko chini ya ardhi anapapasa pamba.

Nashona mapazia nikiwa nimekaa mlangoni pa chumba chake, ili nimwone na yeye anione. Nikisogeza kiti kidogo tu anauliza naenda wapi. Nimeshona mapazia ya madirisha ya mtaa mzima na sijui ndani ya nyumba hizo kukoje.

Mengine ni ya mtaani tu. Kuna mpimaji wa ardhi amekuwa akija kuhakiki mpaka wetu na jirani. Mpaka wenyewe ni ukuta, haujasogea tangu tuzaliwe, lakini kila wiki anaupima. Akimaliza anaomba maji ya kunywa. Ana kiu sana yule mtu.

Sasa nikuulize, na unijibu bila kuzunguka mbuyu. Juni ni Juni? Maana nimeshaanza kuisema kwa sauti.

Dada yako


28 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akanigongea ukuta. Pole kwa msaidizi. Kuna mafuta ya kuchua nimeyaweka kwenye kifurushi, mpake Baba begani, mwambie yametoka kwangu asije akayatemea mate nayo.

Huku kazi inakwenda. Fundi wa mashine zetu, tunayemwita Mkimya, amenifundisha kusikiliza lifti. Ikishuka, picha inapata mikunjo, kwa hiyo tunangoja watu wapande kwanza. Siku nyingine nashinda mle chini mpaka nasahau kama nje kuna mvua au jua. Mlango ukifungwa inawaka taa nyekundu, na hakuna wa kuniita. Wewe unaitwa mno, mimi siitwi kabisa, na sote hatutoki.

Kuhusu Juni, usiishike kwa mikono miwili. Sijasema siji. Kuna jambo dogo nataka kulihakikisha.

Tuna kisanduku cha sindano tunakiita cha bahati. Zote zilitengenezwa kiwandani kwa mkupuo mmoja, na ndizo zinazotuonyesha mapacha. Sindano za visanduku vingine mara nyingi zinaonyesha protini moja moja, basi tunasema ni butu, tunazitupa. Ndivyo tulivyofundishwa, ukitia sindano usipowaona mapacha, tupa, weka nyingine. Nimezitupa nyingi mimi mwenyewe. Juzi moja sikuitupa.

Pengine ni uchovu. Tuyaache. Huyo mpimaji ana umri gani?

Kitinda


24 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Mafuta yamefika, Baba kayanusa, kasema yananuka hospitali, kisha kanyoosha bega nimpake. Kwa hiyo ahsante.

Umeniuliza umri wa mpimaji na Juni hukunijibu. Mimi nitakujibu lako, upate mfano wa kuiga. Tunalingana. Mgane, hana mtoto, ana kikohozi cha vumbi na anacheka kwa mabega. Anataka kunioa. Mwishoni mwa Julai anahamishiwa kituo kingine, safari ya siku nzima na zaidi kwa basi, huko kuna nyumba ya kazi na wiki nzima hakupiti daktari. Baba hawezi kupelekwa kule. Na hata angeweza, unamjua, kulala chini ya paa la mkwe kwake ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni.

Nimemwambia Mpimaji mdogo wangu anarudi Juni. Amesema atangoja Juni. Baba hajui lolote, anadhani ukuta wetu una kasoro.

Nimeshapita umri wa kuchumbiwa, Kitinda. Watu walikuwa wameshaacha hata kunitania. Nampenda. Nimeliandika, lisome polepole, maana hata yeye mwenyewe sijamwambia. Nikisikia kamba yake ya kupimia inaburuzwa ukutani, mshono unakwenda upande.

Sasa jambo lako dogo ni lipi?

Dada


15 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Nimefurahi mpaka nimeona haya, na papo hapo nikaumia. Nisikilize.

Mapacha hawapo. Sindano zetu za bahati ziliharibika kiwandani, kila moja ina ncha mbili zilizokaribiana. Zikipita juu ya protini moja, ncha ya kwanza inaigusa, kisha ya pili inaigusa tena, na picha inatoka na mbili. Nimegundua kwa kugeuza kipande cha selulosi kilicho chini ya sindano. Nilikizungusha robo duara, nyuzi za selulosi zikazunguka kwenye picha kama inavyopaswa. Mapacha hawakuzunguka. Walibaki wamelala upande ule ule, wote, kama askari kwenye gwaride. Nikatafuta picha za zamani za Profesa, zile zilizompa jina. Wamelala upande ule ule.

Hakuna aliyedanganya, Dada. Kila sindano iliyosema kweli tuliitupa kwa mikono yetu tukisema ni butu, basi.

Jopo langu ni tarehe 19 Juni. Nikinyamaza nitapita, picha ni nzuri mno. Mwisho wa mwezi niko nyumbani, nawe unaondoka na mtu wako. Nikisema, kazi yangu yote imekwenda na maji, naanza kipande cha kwanza, miaka miwili si chini. Nikiondoka katikati sirudishwi tena, na Baba aliyewaambia watu wote binti yake atakuwa daktari atawaambia nini.

Mchana natazama ile picha naona aibu. Jioni naisoma barua yako naona aibu nyingine. Sijui nifanye nini. Niamulie wewe, tafadhali, utakalosema nitalifuata.

Kitinda


6 Juni

Dada,

Shikamoo. Jibu lako halijafika, naandika hata hivyo. Hali ya Baba natumaini ni njema.

Nimesema.

Profesa aliwaleta wageni kule chini, watu wakubwa wa kiwanda cha karatasi, wamevaa viatu vizito, Mkimya akawavulisha mlangoni. Profesa akaniambia niwaonyeshe mapacha pale pale, wajichore wageni wakiona. Nikatia sindano ya bahati. Wakatokea, wawili wawili. Wageni wakaguna kwa furaha. Profesa akanishika bega, akasema, "Huyu ndiye mwanangu, atawaeleza yeye."

Sikupanga, nakuapia. Nilifungua sanduku, nikakigeuza kipande, nikaanza picha upya. Tukangoja mstari baada ya mstari. Nyuzi ziligeuka, mapacha hawakugeuka. Wageni hawakuelewa kitu, walikuwa bado wanatabasamu. Profesa alielewa kabla picha haijafika nusu. Niliona shingo yake inalowa jasho.

Aliwasindikiza, akarudi peke yake, akaniambia niweke sindano mpya kutoka kisanduku kingine. Zikaonekana protini moja moja, zimetulia juu ya uzi. Akakaa kwenye kigoda cha Mkimya. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Aliniuliza tu nimejua tangu lini, nikamwambia, naye akasema, "Ungeniambia tangu siku hiyo."

Jopo limefutwa. Kazi inarudiwa yote, kila sindano ipimwe kwanza, na mimi ndiye wa kuirudia kwa sababu hakuna mwingine anayeijua. Nikisema siwezi, natoka mikono mitupu.

Nilikuomba uniamulie, kisha sikukusubiri. Naomba radhi, na najua haitoshi hata kidogo. Nakulilia wewe, si shahada.

Kitinda


8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba amelala, nami nimeweka kiti chooni na mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Barua yako ya Mei nimeisoma mara nyingi ili nielewe, na nadhani nimeelewa. Umeniuliza, nami nakujibu kwa neno moja. Nyamaza. Maliza, njoo.

Usinione sina utu. Nimejiuliza nani atakufa protini ikihesabiwa mbili badala ya moja. Sijamwona. Atatokea msomi mwingine baadaye, mwenye nafasi, asiye na dada, agundue, awe maarufu. Au wewe mwenyewe uandike ukiwa hapa, Baba akiwa mikononi mwako na mimi nimeshafika. Kweli yenyewe haiozi. Mimi nina mwisho wa Julai.

Jana Mpimaji alinionyesha picha ya ile nyumba ya kazi. Ina dirisha moja kubwa linaloangalia barabara. Akaniuliza nitalishonea pazia gani. Nikamwambia sitaki pazia.

Sijawahi kukuomba kitu. Mama alipokufa nilikulea, hukuombwa shukrani. Ulipoondoka nilikufungia mizigo, sikulia mbele yako. Sasa nakuomba. Nyamaza siku hiyo moja tu ya jopo, sema wanayotaka kusikia, upande ndege. Ukifika nitakubeba mgongoni kutoka stendi.

Dada yako anayekungoja


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 8 imenifikia leo. Bila shaka umeshaipata yangu iliyopishana nayo njiani, na kimya chako kinanimaliza. Jumapili nilitaka uisogelee simu unitukane, lakini nilisikia pumzi ya Baba tu, akauliza naja lini, nikamwambia "bado kidogo".

Mpimaji hawezi kuomba asogezewe uhamisho? Baba hawezi kushawishiwa, hata kwa msaidizi mwanamume? Sema neno moja tu, Dada, nitaacha yote, nitapanda ndege wiki hiyo hiyo. Sema tu.

Kitinda


29 Julai

Kitinda,

Salamu zako nimezipata. Baba anakula, anabisha, yuko hai. Mimi mzima.

Mke wa muuza dawa alikwenda kumuuguza mwanawe, duka likafungwa mwezi mzima, na barua zako mbili zikalala chini ya mlango. Ulipomwambia Baba "bado kidogo", mimi nikaelewa unatafuta tiketi. Nikamwambia Mpimaji bado kidogo. Naye mwenye moyo wake akangoja, akangoja hadi siku ya gari kuja kuchukua vitu vyake. Akaniambia siku hiyo atapita kwa jibu, nikikubali naondoka naye, tutafunga ndoa huko huko.

Barua zako nilipewa asubuhi hiyo hiyo. Nikazisoma, nikazikunja, nikaenda kumwogesha Baba, kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika. Mpimaji alipobisha hodi nilikuwa nimemkumbatia Baba nikimtoa kwenye beseni, mwili mzima una sabuni. Huwezi kumwachia mtu aliye na sabuni, anateleza. Nikaita "subiri", lakini kwa sauti ndogo, Baba asijue ni nani. Akabisha tena. Baba akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia ni wa mambo ya ukuta. Nilipomaliza kumkausha na kumlaza, mlangoni hapakuwa na mtu.

Umefanya haki? Pengine. Watakaosoma habari za hizo protini watakushukuru. Mimi sijafika huko. Nimekukasirikia na nitakukasirikia muda mrefu, nakwambia mapema usije ukadhani kimya changu ni cha posta.

Unasema nikitamka neno utaacha yote uje. Silitamki. Mpira huo usinirushie tena. Mara ya kwanza ulinirushia ukacheza mwenyewe, na safari hii aliyekuwa akingoja ameshaondoka. Ukija na mikono mitupu tutakuwa watatu tumekaa chumba kimoja tunaangaliana. Baki, ulimalize.

Kuna jambo jingine. Baba aliniona nalia. Akauliza kama umekufa. Nikamwambia hapana, Kitinda amepita, amekuwa daktari, ni furaha tu. Sijui lilitoka wapi, lilitoka. Tangu hapo ni mtu mwingine. Anataka kunyolewa kila siku. Mkono uliolala amekubali unyooshwe, na hata mwanamume wa mazoezi anayetoka hospitali hamtemei mate. Kila anayeingia anasomewa sifa zako, na amewaalika majirani waje wakusikie kwenye simu.

Kwa hiyo nimeificha chaja, anadhani umeme una hitilafu. Chaja nitaitoa baada ya wiki chache, barua hii ikiwa imeshakufikia. Jumapili ya kwanza ya Septemba utapiga, na chumba kitakuwa kimejaa watu. Atakupongeza. Utasema, "Ahsante, Baba." Akiuliza unarudi lini, utasema kazi mpya imekushika huko. Usimrekebishe. Utakuwa unasema hivyo kila Jumapili hadi siku utakayopita kweli, na mimi nitakuwa nimesimama pale pale kando ya kitanda, nasikiliza.

Nilikuomba unyamaze siku moja. Hili sikuombi.

Dada yako